Nikikauka Nitamwambia

Mama ni fundi cherehani na mama mdogo alikuwa msusi. Kwa miaka mingi walipanga chumba kimoja cha duka: cherehani dirishani, viti vya kusukia ukutani. Wateja walikuja kusukwa na kuchekeshwa, maana mama mdogo alikuwa na mdomo, na aliyemtania zaidi ni dada yake. "Bonge," angemwambia, "sogea kidogo, hata jua nalo linataka kuingia." Mama alikuwa akicheka mpaka machozi yanamtoka.

Shida ni kwamba hayakuwa machozi peke yake. Tangu anizae, mkojo ulikuwa unamtoka akicheka, akikohoa, akinyanyua jora la kitambaa. Alijishonea pedi za vipande vya flana, akawa havai ila nguo nyeusi. Siku moja mama mdogo alitoa kichekesho, kiti cha mama kikalowa chapachapa. Alikaa pale pale mpaka mteja wa mwisho akaondoka. Kesho yake alihamishia cherehani nyumbani, akasema miguu inamsumbua.

Mama mdogo hakuyaamini maneno hayo. Alidhani amemuudhi dada yake kwa lile jina.

Nilimpeleka mama hospitali. Daktari hata hakumpima. Alimtazama kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Punguza mwili kwanza, mama, ndipo urudi." Mpaka leo nikimkumbuka yule bwana damu inanichemka. Mama alijinyima, akapungua kidogo, akanenepa tena, akaona aibu kurudi. Miaka ikapita hivyo.

Daktari wa pili alikuwa mwanamke. Alimlaza kitandani, akamwambia akohoe, akajionea mwenyewe.

"Uzito unachangia, sikufichi," alisema. "Ukipungua utapata nafuu. Lakini hukupaswa kurudishwa nyumbani mikono mitupu. Tunaweza kukufanyia upasuaji, tukaweka mkanda mwembamba wa wavu chini ya njia ya mkojo, uishikilie. Kwa mwenye mwili mkubwa uwezekano wa kukauka kabisa unapungua kiasi, na hatari nazo zinaongezeka kidogo. Ila wengi wanapona."

"Nifanyie," mama alisema.

Nilimsihi amwambie mdogo wake. "Nikikauka nitamwambia," alinijibu. "Nitaingia dukani, nikae, anichekeshe mbele ya watu wote."

Mama mdogo alipopata habari kwamba dada yake amepasuliwa, alikuja wodini mbio, akidhani ni uvimbe. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mgeni.

"Dada," alisema, na mimi sikuwahi kumsikia akimwita hivyo. "Lile jina nimeliacha. Kama lilikuumiza, nisamehe."

"Halikuniumiza."

"Mbona ulihama?"

Mama alivuta shuka, akafunika mpira wa mkojo. "Nikipona nitakuja. Tutaongea."

Mama mdogo aliitikia kwa kichwa, akaaga kwa adabu. Adabu ile iliniuma kuliko tusi.

Mama alikuwa bado hajaruhusiwa kunyanyua hata ndoo, mdogo wake alipoanguka akiwa anamsuka mteja. Presha ilipasua mshipa kichwani. Hakuamka tena.

Msibani wanawake walilia, kisha, kama inavyotokea, mmoja akakumbuka utani wa marehemu na mwingine akaongezea wake. Mama alikuwa katikati yao kwenye mkeka. Walipofika kwenye kisa cha bwana mmoja mwenye upara aliyesindikiza mkewe dukani, akaishia kukalishwa kitini na kuulizwa anataka mtindo gani, mama alicheka. Alicheka mwili mzima, tumbo likimtikisika, akashindwa kujizuia.  Halafu ghafla alipapasa mkeka chini yake kwa siri, akanitazama.

"Pakavu," alininong'oneza.

Nilimshika bega. Hapo ndipo alipoanza kulia, kilio ambacho asubuhi yote hakikuwa kimetoka, na wanawake wakasogea kumpa nafasi.

"Ningemwambia tu," alisema. "Ningemwambia siku ile ile, nikiwa nimelowa."