Nina Kaka

Fundi wa kwanza alikuja amevaa miwani ya jua machoni na nyingine kaipandisha kichwani. Nikasema moyoni, huyu leo atachambwa.

"Wewe ndiye fundi au ndiye duka la miwani?" Upepo akamuuliza, hata salamu haijaisha.

Wote pale dukani tukaangua kicheko. Na mimi nilicheka, maana Upepo akianza kumchamba mtu hujizuii, unacheka kwanza, vibaya unajisikia baadaye.

Ngoja niwaweke sawa. Upepo ni kaka yangu wa pili. Ana duka la spea, mbele duka, nyuma karakana, na ana ulimi. Hilo jina alilipata kwa kuendesha magari ya mchanga, yale ya mabomba matupu, hayana milango wala vioo, matairi ya nyuma mapana kama magodoro, yanapanda kilima cha mchanga yanarukia upande wa pili. Alikuwa anaruka nayo mpaka watu wanafumba macho. Siku moja gari likapinduka, akarushwa nje, akaumia mgongo, na kuanzia kiunoni kushuka chini hasikii kitu tena. Yuko kwenye kiti cha magurudumu.

Na gari lile aliliunda nani? Kaka yetu mkubwa. Huyo mimi namwita Kaka tu, inatosha. Upepo alipozinduka hospitali, neno lake la kwanza lilikuwa, "Viungo vya Kaka vimeachia." Yaani pale bomba zilipochomelewa pameachana, gari likafunguka kama mwavuli wa bei rahisi. Kaka hakujitetea hata kidogo. Alirudi nyumbani, mashine yake ya kuchomelea akaifunika gunia, na lile gari bovu kule nyuma akalitupia turubai. Hajawahi kulifunua. Akipita karakana anazunguka mbali, kama vile kuna mbwa mkali amelala pale.

Tangu hapo kazi yake ikawa moja, kumbeba Upepo. Kitandani, chooni, bafuni, nyuma ya kaunta. Mtu mzima, fundi aliyekuwa anapangiwa foleni, akawa anaitwa kwa filimbi. Sitanii! Upepo ana filimbi ya refa shingoni, akipuliza tu Kaka anakimbia.

Sasa Upepo akaamua anataka gari jipya, mafuta na breki vyote viwe vya mikono. "Redio," akaniita. Redio ni mimi, kwa sababu sinyamazi. "Watangazie mafundi waje. Nitachagua mwenyewe."

Mimi simu haitoki mkononi, hata nikioga naiweka dirishani. Hajamaliza kusema, tangazo lilishafika kwenye magrupu.

Kaka alikuwa anafuta vumbi kwenye boksi za plagi. Akasimama. "Na mimi naomba hiyo kazi," akasema taratibu.

Upepo akamwangalia kuanzia viatuni kupanda juu. "Omba. Panga foleni na wenzako."

Jioni hiyo nikamkuta Kaka jikoni anaosha vyombo, anatabasamu peke yake. "Akinichagua, Redio, maana yake amenisamehe," akaniambia. "Sitaki kingine mimi. Nikisikia amenisamehe, hata pumzi itashuka."

Basi, turudi kwa Fundi Miwani.

"Nimeunda mengi, bosi. Mengi mno."

"Wanaoyaendesha wanatembea?"

"Wanatembea, bosi."

"Basi hujaunda la kwangu. Nenda. Miwani moja niachie, nikumbuke uzuri wako."

Wa pili alikuwa Mama Cheche. Mama wa makamo, kavaa ovaroli ya bluu, mikono yote ina alama ndogondogo za kuungua na cheche, ndiyo maana ya jina. Hakuongelea injini. Alivuta stuli akakaa, macho yake na ya Upepo yakawa sawa.

"Mwanangu, kwenye hilo gari utapandaje?"

"Nabebwa."

"Utashukaje?"

"Nashushwa."

"Na nani?"

Upepo akaonyesha kwa kidevu pale Kaka aliposimama, kama mtu anayeonyesha msumari wa kutundikia koti. "Nina kaka."

"Mimi nitakuwekea kiti kinachogeuka," Mama Cheche akasema. "Unavuta kishikio, kiti kinazunguka kinatazama nje. Pembeni nakuwekea bomba la kushika. Unajivuta mwenyewe mpaka kwenye kiti chako. Mikono yako minene hiyo, ukizoea humhitaji mtu."

"Mama, husikii? Nina kaka."

"Nimesikia. Nionyeshe lile lililopinduka. Siundi jipya bila kujua la zamani lilikufaje."

Upepo akawaza kidogo. Akamgeukia Kaka. "We, nenda kaniletee soda baridi. Siyo ya hapa jirani, ya kule ng'ambo ya soko."

Kaka akaondoka. Upepo akajisukuma mwenyewe kuelekea nyuma. Mimi nikawafuata narekodi, nataka video ya kurusha kwenye grupu, na hakuna aliyenikataza, simu yangu imezoeleka kama pua yangu.

Mama Cheche akafunua turubai. Akainama, akagusa, akazunguka, akaingiza kichwa ndani. Alipotoka kashika mkanda wa kiti cha dereva. Kile chuma cha kufungia kilikuwa bado kimevaa nailoni ya dukani.

"Mwanangu, bomba zimepinda, lakini hakuna kiungo hata kimoja kilichoachia. Aliyechomelea hapa ana mkono wa dhahabu. Wewe ulirushwa kwa sababu hukufunga mkanda."

Nikangoja Upepo abishe, apige kelele, kama kawaida yake.

"Najua," akasema.

"Na kaka yako anajua?"

Upepo akacheka. Hicho kicheko, jamani, kilikuwa cha kawaida kabisa, kama cha mtu aliyesikia stori ya mpira. "Akijua, nani atanibeba?"

Mama Cheche akauachia ule mkanda. "Nipe hiyo kazi," akasema, "na kaka yako nimchukue kwenye karakana yangu. Mkono kama ule nautafuta siku zote. Na wewe utajishusha mwenyewe, uwe mtu."

"Kazi hupati. Kaka hupati. Na ukilifungua hilo domo lako, duka langu hutanunua hata nati." Akageuza kiti chake. Alinipita pale nilipo na kamera imewaka, hata hakuniona.

Kesho yake akawaita watu. Wateja, majirani, Fundi Miwani naye akaja, sijui alifuata nini. Upepo akapuliza filimbi, watu wakatulia.

"Nimepata fundi wangu. Namchagua aliyenivunja! Si ndiyo haki? Aliyebomoa ajenge."

Kaka akapiga magoti hapohapo sakafuni, akamshika Upepo miguu, machozi yanamtoka.

"Usishike huko, hakuna mtu," Upepo akasema, na watu wakacheka. "Haya, nyanyuka. Nimekusamehe nusu. Nusu nyingine nitakupa nikishaliona gari."

Nusu! Kama mkate! Na Kaka akaitikia, "Asante, mdogo wangu. Asante sana."

Mnataka kuniuliza kwa nini sikuitoa ile video palepale. Ninyi hamkumwona Kaka wiki zile. Alivua gunia kwenye mashine yake kama anafunua mtoto usingizini. Akawa anaimba. Anakata bomba, anapima, anapuliza vumbi, anarudi nyuma mara mbili kuliangalia, anacheka peke yake. Kila filimbi ikilia anaacha, anakwenda kumbeba Upepo chooni, anarudi, anaendelea palepale alipoachia. Mimi ningemwambia nini mtu mwenye furaha vile?

Gari lilipokaribia kuisha akamwita Upepo aje aone. Akamwonyesha mafuta ya mkono, breki ya mkono, mikanda mipya ya mabega na kiuno. Halafu, huku anajipangusa mikono kwenye suruali kwa aibu, akavuta kishikio kidogo pembeni. Kiti cha dereva kikageuka kikatazama nje. Bomba la kushika lilikuwepo pembeni, limenyooka, limepigwa msasa likawa laini. Hakuna aliyemwagiza. Aliyasikia maneno ya Mama Cheche siku ile, akayaweka moyoni.

"Zawadi," akasema. "Siku nikiwa mbali, ushuke mwenyewe."

Upepo akakodoa macho. "Uwe mbali, unakwenda wapi?"

"Siendi. Nasema tu, siku ikitokea."

"Haitokei. Kata hilo bomba. Na kiti kikaze kisigeuke."

"Upepo, mdogo wangu, ni kwa faida yako."

"Kata! Ile nusu bado iko mfukoni mwangu. Unaitaka, huitaki?"

Kaka akawasha grainda. Cheche zikaruka mpaka kwenye viatu vyake na hakusogeza mguu. Bomba likadondoka sakafuni, likalia. Upepo akangoja mpaka kiti kikazwe, akakitikisa kwa mkono, akaridhika, ndipo akaondoka anapiga mluzi.

Nikashindwa kuvumilia. Nikamwendea Kaka, nikampa simu, nikabonyeza.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena kile kipande cha mwisho. Halafu akainuka akaenda kwenye lile gari la zamani, safari hii hakuzunguka, akavuta turubai. Akapitisha kidole gumba kwenye kila kiungo, kimoja baada ya kingine, kama unavyotafuta jino kwenye ufizi wa mtoto. Akaushika ule mkanda wenye nailoni. Nikajiandaa. Nikasema sasa hivi anachukua nyundo, sasa hivi patachimbika.

Akalikunja turubai vizuri, pembe kwa pembe.

"Kaka, utamfanyaje?"

"Nitamalizia gari," akasema. Akachukua msasa, akaanza kulainisha pale alipokata bomba.

Nilimkasirikia usiku mzima, niwe mkweli. Nilimwona bwege.

Siku ya kulijaribu tukatoka asubuhi, gari la mchanga kwenye tela, sisi watatu kwenye pikapu. Vilima vilikuwa vitupu, hakuna mtu, upepo umechora mistari kama mtu kapitisha kitana. Kaka akalishusha gari, akambeba Upepo, akamweka kitini. Akamfunga mikanda mmoja mmoja, akaikaza.

"Aisee, unaninyonga!"

"Leo umefunga," Kaka akasema.

Upepo akamwangalia kidogo. Halafu akaguna, akawasha. Ile sauti, jamani! Gari likachomoka, mchanga ukatumwagikia usoni, likapanda kilima cha kwanza likaruka, likatua laini kama paka. Tulimsikia anapiga kelele za furaha mpaka alipopotea nyuma ya vilima. Gari lilikuwa tamu. Kaka hajawahi kuunda gari tamu kama lile.

Kaka akasimama akalisikiliza mpaka sauti ikawa ndogo. Akashusha kiti cha magurudumu kutoka kwenye pikapu, akakiweka mchangani. Juu ya kiti akaweka chupa ya maji. Akafungua mlango wa pikapu, na kwenye siti nikaona barakoa yake ya kuchomelea.

"Naenda kwa Mama Cheche. Twende, Redio, au unabaki?"

Nikatazama kule kwenye vilima. "Nani atamshusha?"

"Nilimwekea bomba," Kaka akasema. Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningeogopa kidogo tu.

"Nabaki," nikamwambia. Kwa nini nilibaki? Nilitaka kuuona uso wa Upepo. Basi.

Pikapu ilipokwisha kupotea, Upepo akarudi anacheka, mchanga umemjaa mpaka kwenye meno, akasimamisha gari pembeni yangu, akazima injini. "Umerekodi? Sema umerekodi! Kwa hii nampa ile nusu yake leoleo!" Akapuliza filimbi. Akangoja. Akapuliza tena, kwa nguvu.

"Yuko wapi?"

"Ameenda kazini. Kwa Mama Cheche."

"Kazini gani? We mtoto, acha utani. Nani atanishusha?"

Nikainua simu, nikabonyeza. Sauti yake mwenyewe ikatoka, na kile kicheko chake. *Akijua, nani atanibeba?*

Upepo akaiangalia ile simu, akaangalia kiti chake kule mchangani.

"Redio," akasema mwishowe. "Mdogo wangu." Hajawahi kuniita hivyo. "Sogeza kiti."

Nikakisukuma. Magurudumu yakazama mchangani, kikagoma, mkono wake ukawa unakikaribia na haukifikii. Akafungua mikanda, ikafunguka vizuri sana, Kaka hana kazi mbovu. Akajiinamisha nje, mkono ukaenda kutafuta pa kushika, ukaenda palepale, pembeni ya kiti, ukakuta kisiki cha bomba. Kimepigwa msasa. Hakina hata ncha ya kukwaruza kiganja. Vidole vikateleza, akarudi kukaa.

"Mimi kukubeba siwezi," nikamwambia. "Endesha ukitaka. Nenda nyumbani. Ukifika, utajua utashukaje."

Akaishika filimbi, akaiweka mdomoni. Mimi nikakaa kwenye kiti chake, nikafungua ile chupa ya maji, nikaangalia simu. Chaji ilikuwa bado imejaa.