Mzee Odero na Benchi la Ofisi ya Kodi

Siku ya Jumatatu, tarehe 17 Machi, mwaka wa 1958, nilimpeleka baba mkwe wangu, Mzee Odero, katika ofisi ya kodi hapa Nakuru. Mzee alitia kuni na makaa katika magari ya moshi mpaka mgongo ukakataa, na wakati huo alikuwa akipokea pensheni ya reli. Mwaka huo kodi ilipimwa kwa mapato, na pensheni pia ilihesabiwa kuwa mapato. Kodi hiyo ingemeza fedha za dawa yake ya kifua na za unga wetu. Lakini mzee asiyejiweza aliweza kusamehewa. Mume wangu alikuwa kazini Naivasha, kwa hiyo kumwombea msamaha kukawa juu yangu.

Kutoka kwetu Bondeni hadi ofisini mzee alisimama mara nyingi, na kila mara alisema ananingoja mimi.

Karani, Bwana Kiprugut, akaniuliza, "Mama, mzee huyu ana udhaifu gani?"

Kwetu mke wa mwana hatangazi udhaifu wa baba mkwe mbele ya watu. Nilitazama sakafu, nikasema, "Hawezi kufunga kamba za viatu. Mimi humfungia."

Waliokaa kwenye benchi wakageuka kumtazama. Mzee akavua kofia, akanipa nimshikie.

"Karani, mimi nimelipa tangu kodi ya kibanda. Nani amekuambia nimekwisha? Ninyi, ondokeni hapo!"

"Mzee, wacha, hilo ni benchi la serikali!" mmoja akacheka.

"Hata serikali yenyewe nitaiinua."

Akaliinua mpaka kifuani. Watu wakapiga makofi.

"Mama," karani akasema, "huyu ni kijana. Alipe."

Nikalipa. Mzee akatia risiti katika mfuko wa koti. Njiani akauliza, "Umeona?"

"Nimeona, Baba."

Kesho yake hakuweza kuamka. Wiki nzima nilimgeuza, nilimlisha, nilimkanda mgongo kwa maji ya moto. Unga ulipokwisha, nilikopa kwa jirani. Siku aliyoweza kuketi, aliitazama miguu yake kwa muda mrefu.

"Mama Owino," akaniita, "nipeleke tena ofisini."

"Ukainue nini, Baba?"

Alicheka, kikohozi kikamkatiza.

Ofisini, kabla sijafungua mdomo, alisema mwenyewe, "Karani, sijiwezi." Bwana Kiprugut hakucheka. Aliandika msamaha wa kuanzia mwaka uliofuata. Tulichokwisha kulipa hakikurudi. Maneno hayo ya mzee niliyataka sana, lakini nilipoyasikia hayakunifurahisha. Kamba ya kiatu chake ilikuwa imefunguka. Nilipiga magoti nikaifunga mbele ya watu wote, naye hakuuvuta mguu.

Wewe unayesoma, ukiwa na mzee wa pensheni, zungumza naye nyumbani kwanza, kabla hamjafika mbele ya karani. Kisha msomee habari hii jirani asiyejua kusoma, naye amwambie mwenzake.