Namba ya Mfupa

Kazi ya Twila Ratliff na Oleta Stiltner, katika kliniki moja ya vidonda huko Kentucky, ilikuwa kusoma maelezo ya madaktari na kuyageuza kuwa namba ili bima ilipe. Daktari akikwangua nyama iliyokufa, namba hufuata kina alichofika: ngozi, mafuta, msuli au mfupa. Kila kina na namba yake.

Kanuni ilimkataza mtu kufungua faili la ndugu yake. Kwa hiyo faili la Delmer, mume wa Oleta, mgonjwa wa sukari, lilimwangukia Twila. Mwanzoni kidonda cha wayo wake kilikuwa cha ngozi tu. Baadaye kikawa cha mafuta. Jumanne moja kabla ya Pasaka, Twila alisoma neno mfupa, na chini yake: mgonjwa ameshauriwa mguu ukatwe haraka, ameomba asubiri, na mkewe asiambiwe.

Oleta alikuwa pembeni yake akila mkate wa mahindi.

"Mume wangu kichaa kweli," alisema akicheka. "Kavaa mfuko wa plastiki mguuni, eti anapanda viazi. Kwao viazi lazima viwe ardhini kufikia Ijumaa Kuu, na haijampita tangu nimjue."

"Mwambie apumzike, shoga."

"Delmer? Mwambie wewe! Mimi ananiona redio, naongea tu."

Twila alijaribu kucheka, ikashindikana. Angetoa siri ya mgonjwa angefukuzwa, na pengine asingepata kazi hiyo tena popote, naye alikuwa na watoto. Lakini mgonjwa mwenyewe anajua siri yake. Jioni aliendesha gari mpaka kwa Delmer, akamkuta amekaa kwenye kigoda kati ya matuta, uso umemwiva kwa homa.

"Mwambie mkeo," Twila alisema.

Delmer hakuuliza amwambie nini. "Viazi vikishaingia ardhini."

"Basi nipishe."

Akapiga magoti na sketi yake ya kazini, akafukia mbegu zote zilizobaki. Alipomaliza, Delmer akasema, "Unapanda vibaya, lakini asante."

Delmer alimwambia Oleta usiku huohuo. Asubuhi madaktari walimkata mguu chini ya goti, ila sumu ya kidonda ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Alizikwa wiki iliyofuata, juu ya kilima, karibu na mama yake.

Oleta aliporudi kazini, watu walimpa pole, akaitikia vizuri. Saa za kutoka, alimfuata Twila kwenye maegesho.

"Ulijua tangu lini?"

"Jumanne ile."

"Nikala mkate wangu hapo, nikamcheka mume wangu, na wewe unaniangalia."

"Ningefukuzwa, Oleta."

"Ningekulisha! Wewe na watoto wako, ningewalisha. Hukulijua hilo?"

Twila alilijua. Alitaka kusema kwamba alikwenda, kwamba alipiga magoti kwenye udongo, lakini aliona hiyo itakuwa kujitetea. Oleta alitafuta funguo ndani ya mkoba, zikamponyoka, akaziacha chini, akaegemea gari na kulia kwa sauti mbele ya watu waliokuwa wakitoka.

Alipochoka kulia alijifuta kwa mkono wa koti.

"Nipeleke nyumbani," alisema bila kumtazama. "Siwezi kuendesha. Na usiongee njiani."

Twila akaokota funguo.