Mshika Kamba wa Ngolahun

Mita tisa za kwanza zilichimbwa bila maneno. Udongo ulipanda kwa ndoo, mwekundu kwanza, kisha wa manjano, na wanawake wa Ngolahun wakaupokea na kuumwaga kando ya njia. Kijiji kilikuwa na kisima cha zamani nyuma ya msikiti, lakini wakati wa vita watu walitupwa humo, na tangu amani irudi hakuna aliyethubutu kukifunua. Walikunywa maji ya kinamasi. Mvua za mwaka uliopita zilikuwa zimewazika watoto watatu kwa kuhara.

Basi chama cha Ngoyila, kilichoanzishwa na walimu wawili wa mji wa Segbwema waliochoka kungoja serikali, kilipokuja na saruji na sharti moja tu, kwamba nguvu kazi itoke kijijini, Jattu akachaguliwa mwenyekiti wa kisima. Alikuwa mjane, au hakuwa mjane, hakuna aliyejua. Waasi walimtwika mumewe Lahai mzigo, miaka sita nyuma, wakaondoka naye. Hakurudi, wala habari za kifo chake hazikuletwa. Jattu hakukaa eda, hakuolewa tena. Aliishi akining'inia.

Mchimbaji aliletwa na chama. Jina lake Vandi, mtu wa miaka thelathini hivi, aliyejifunza kazi hiyo katika kambi ya waliosalimisha silaha. Kila mtu alijua maana ya kambi ile. Mwalimu Sannoh, msimamizi wa kazi, alimhakikishia chifu kwamba kijana huyu alipigana mbali, upande wa kaskazini, na hakuwahi kufika Ngolahun. Vandi mwenyewe hakukubali wala hakukanusha. Alikula peke yake, akajibu salamu kwa kichwa, akashuka shimoni.

Siku ya kumi na moja wanaume walikwenda kuchoma mashamba, kamba ikabaki kwa wanawake. Jattu alishika mbele. Nyuma yake alikuwa wifi yake Boi, dada yake Lahai, na wengine wawili. Ndoo ikashuka ikiyumba, ikakwaruza ukuta, na sauti ikatoka chini.

"Taratibu, mama, taratibu. Safari bado ndefu."

Mikono ya Jattu ikasita. Siku ile Lahai alipochukuliwa, yeye alilala chini ya magunia ya kakao, katika banda la kukaushia, akisikiliza tu. Walimtwika Lahai gunia la kahawa, akayumba, na mmoja wao akamwambia, taratibu, baba, taratibu, safari bado ndefu. Wenzake wakacheka. Uso wa msemaji Jattu hakuuona kamwe. Juu ya ardhi Vandi hakuwahi kusema ila kwa kunong'ona, na sasa shimo lilikuwa limemvua uso, likabakiza sauti peke yake.

Akainama ukingoni.

"Vandi."

"Naam, mama."

"Ulimtwika mwanamume gunia la kahawa, hapa hapa. Ukamwambia safari bado ndefu. Yuko wapi?"

Kikasikika kitu kama mtama unaomwagika kwenye ungo. Vandi alikuwa amegonga tabaka la mchanga.

"Mchanga unatoka ukutani," akasema. "Nivuteni."

Kamba ilikuwa imefungwa kiunoni mwake. Jattu hakuvuta. Mwalimu Sannoh, aliyekuwa akichanganya zege kivulini, aliona kamba haisogei, akaja mbio. Jattu akajizungushia kamba mkononi mara mbili.

"Ukinigusa, Mwalimu, nadumbukia nayo."

"Dada Jattu, huyo ni mtu."

"Na yule alikuwa nini?"

Sannoh akasimama, mikono imetapakaa saruji, asijue aiweke wapi. Chini, Vandi alisema mchanga umefika magotini. Hakupiga kelele. Baada ya kitambo akasema umefika mapajani, na mguu mmoja umebanwa.

"Yuko wapi?" Jattu akarudia.

"Kivukoni. Mto Moa, upande wa huku, chini kidogo ya pale mtumbwi unapofungwa. Pana mawe matatu."

"Mzima?"

"Amezikwa, mama."

Boi akatoa sauti ndogo, kama mtu aliyechomwa na mwiba. Jattu alihisi kamba ikilegea nyuma yake. Wifi yake alikuwa ameachia.

"Mwache," Boi akasema polepole. "Amekwisha sema. Una haja gani naye tena?"

Ilikuwa kweli. Miaka sita alitaka neno moja, na sasa alikuwa nalo. Wale wanawake wawili walimtazama yeye. Sannoh naye alimtazama. Mchanga uliendelea kumwagika.

"Wifi," Jattu akasema, "akifia humu, wanao watakunywa wapi?"

Akaashiria kwa kidevu upande wa msikiti.

"Tunacho kimoja tayari cha namna hiyo. Shika."

Boi akashika huku analia kwa hasira. Wakavuta, na Sannoh akavuta, lakini kamba haikusogea hata kidole. Wakavuta tena. Mara ya tatu kitu kikakatika chini, Vandi akaguta, kisha akaanza kupanda, mzito, akigonga ukuta huku na huku. Walipomlaza ukingoni, mguu wake wa kushoto ulikuwa umeteguka na umechunika mpaka kwenye paja. Nyuma yake mchanga ukaanguka wote kwa pamoja, na vumbi likawafunika.

Alipopata pumzi akamgeukia Jattu.

"Nilimpiga risasi mimi. Alikuwa hawezi kutembea tena."

Hilo Jattu hakuliuliza. Aliondoka pale akaenda kukaa ndani, na kuanzia siku hiyo akakaa eda, miezi minne na siku kumi.

Sannoh alitaka kumrudisha Vandi Segbwema usiku uleule, kwa kuhofia wanaume. Wanaume kweli walifika na mapanga. Chifu akatuma mtu kwa Jattu kuuliza atakalo, na jibu lilikuja kupitia mlango uliofungwa: shimo halijakwisha, na alimalize Vandi. Ila kamba aishike mwingine. Pete za zege zikaletwa kuzuia mchanga, mguu ukapona kiasi, na kwenye mita ya kumi na nne maji yakatokea, meupe kama maziwa kwanza, kisha safi.

Eda ilipokwisha, Jattu na Boi walikwenda kivukoni pamoja na imamu, na sadaka ya unga wa mchele na sukari. Vandi aliwaonyesha. Mawe yalikuwa mawili; la tatu mto ulikuwa umelichukua. Imamu akasoma dua, Boi akaweka kiganja juu ya udongo na kukaa hivyo muda mrefu. Vandi alisimama mbali, kofia mkononi.

Walirudi kwa njia nyembamba ya msituni. Vandi akataka kuwapisha ili afuate nyuma, kwa adabu.

"Hapana," Jattu akasema. "Nyuma yangu usikae. Tangulia wewe."

Akatangulia, akichechemea, na wao wakamfuata kwa mbali mpaka moshi wa Ngolahun ukaonekana.