Haondoki

Ua lenyewe lilikuwa jekundu tu, la kawaida, lakini pale kitaluni liliuzika kuliko mawaridi kwa sababu ya jina lake. Mwenye kitalu alikuwa amelibatiza Haondoki kwa heshima ya mkewe, na hakuna mteja aliyeondoka bila kusimuliwa asili yake.

"Nilikwenda mbali kutafuta kazi," angeanza, huku akijaza udongo kwenye mifuko ya miche. "Kila apitaye alimkuta mke wangu hapo getini, anamwagilia ua hili. Majirani wakasema, huyu haondoki mpaka mumewe arudi. Ndiye yule pale, mwoneni."

Wateja wangegeuka, na mkewe angefuta mikono kwenye gauni na kutabasamu. Alikwisha kulichoka tabasamu hilo kama kiatu kinachobana.

Wiki ile binti yao alikuwa amepiga simu. Alikaribia kujifungua mtoto wa kwanza na alimtaka mama yake.

"Wateja wa Jumamosi waje kuona nini?" mume akasema. "Waambiwe Haondoki kaondoka?" Akacheka kwa moyo mweupe. Hakuwa mkali, na hiyo ndiyo taabu, maana mkali hukimbiwa na watu wakaelewa.

Basi Jumamosi mke akaazimia kumwaga mtama penye kuku wengi. Watu wakijua ukweli, aliwaza, mume ataona haya, jina litakufa, naye atapanda basi aende kwa mwanawe.

Mteja mmoja mwenye miwani akamuuliza, "Kweli mama, hukutoka kabisa?"

"Ningetokaje? Aliondoka na ufunguo wa geti. Alinifungia. Majirani walinipitishia unga kwenye nondo."

Mume aliinua uso kutoka kwenye udongo, na mke akaona kwamba ameogopa. Moyo ukamruka kwa furaha.

Kisha yule wa miwani akaangua kicheko. "Wivu gani huo, baba! Kumbe ulimpenda hivyo?"

Wote wakacheka. Mume akashusha pumzi, naye akacheka. Miche yote ikaisha kabla ya saa sita.

Binti alijifungua Jumatano, mama yake hayupo.

Jumamosi iliyofuata mume aliisimulia mwenyewe habari ya ufunguo, kwa ufundi zaidi kuliko mkewe. Alipofika kwenye "nikamfungia," alinyamaza akamtazama, kwa kuwa hapo ndipo pake pa kucheka. Wateja nao wakageuka, wakamsubiri.

Akacheka.