Kifungo Kilichokaa Upande

Wateja walimpachika jina la Mama Fumua, wala hakulichukia. Alikuwa fundi wa nguo, tena fundi hasa. Akishona pindo akaliona limepinda unywele mmoja, alilifumua lote akaanza upya. "Kwa Mama Fumua nguo moja hushonwa mara tatu," walimtania, "ukija kuichukua umeshanenepa." Alicheka nao. Ila mteja akishatoka, kicheko kilikatika hapo hapo, akarudi kulikodolea macho lile pindo kana kwamba limemtukana.

Ndani ya nyumba mambo yalikuwa yale yale. Mumewe, fundi bomba asiye na maneno mengi, akiosha vyombo, yeye aliviosha tena. Akitandika kitanda, yeye alikitandua. Mwishowe mume akanawa mikono. "Mke wangu, maji nahangaika nayo kutwa nzima huko kazini. Osha wewe, vioshwe mara moja, yaishe." Mama Fumua aliyachukulia kama mzaha.

Binti yao wa pekee walimwita Kasuku, maana tangu ulimi wake ufunguke hakujua kunyamaza. Alimwuliza paka kalala wapi, kisha akajijibu kwa niaba ya paka. Lakini alipopanda darasa la tatu maneno yakaanza kupungua kidogo kidogo. Mama aliona tu kwamba mtoto ametulia, ana adabu na daftari lake halina doa. Alijipongeza kimoyomoyo.

Ndipo alipoitwa shuleni.

"Mtoto wako haongei darasani," mwalimu alimwambia. "Juzi nilimsimamisha asome. Alishika kitabu, midomo ikatetemeka, machozi yakamtoka. Nikamwita pembeni nikamwambia aninong'oneze. Akasoma vizuri sana! Nikamwuliza, mbona mbele ya wenzako husomi? Akaniambia, 'Ningeweza kukosea.'"

"Nyumbani hatumpigi," Mama Fumua alidakia.

"Sijasema mnampiga, mama."

Alirudi amefura. Mwalimu gani anayelalamika kwamba mtoto anaogopa kukosea? Si ndivyo mtoto anavyotakiwa kuwa? Alisukuma mlango wa mbele, na macho yakatua kwa Kasuku, amejikunyata chini ya meza ya kukatia nguo. Mapajani alikuwa na shati la kazi la baba yake, lile lililopoteza kifungo. Vidole vyake vilikuwa vimetobolewa na sindano, na kitambaa kimechanika pale kifungo kilipotakiwa kukaa, kwa kushonwa na kufumuliwa, kushonwa na kufumuliwa.

"Usiangalie, mama!" Kasuku alilifunika shati kwa mikono miwili. "Bado. Kimekwenda upande. Nafumua sasa hivi."

Mama Fumua alichuchumaa kando ya meza. Ile sauti aliijua. Ilikuwa yake mwenyewe, utotoni, mbele ya shangazi aliyemlea na kumfundisha ushoni. Shangazi aliyekuwa akiinua kazi yake, anaitazama, kisha anaitupa sakafuni bila kusema kitu.

"Kiache hivyo hivyo, mwanangu," alisema hatimaye. "Kimekaa vizuri."

Kasuku alimtazama kwa shaka, kama anayepewa peremende na mtu asiyemjua. Kisha akamkabidhi shati.

Na hapo ndipo Mama Fumua alipoharibu. Alilitundika shati ukutani akaendelea na kazi zake, lakini jicho likawa linarudi pale pale. Kifungo kilikuwa kimeinamisha kichwa, nyuzi zimevimba mgongoni mwake. Alijisemea ni kwa ajili ya mume, asije akachekwa kazini. Alijisemea mtoto hatajua. Kasuku alipokwenda kuoga, mkono ulishika mkasi. Akakata, akaziba pale palipochanika, akashona upya. Kikakaa sawasawa. Kwa kitambo kidogo akatulia.

Asubuhi baba alivaa shati, akajipiga kifua. "Mwenzenu leo nimeshonewa na binti yangu!"

Kasuku aliinua macho kutoka kwenye chai. Alikiangalia kile kifungo, akamwangalia mama yake, akaurudisha uso chini. Hakulia. Alisogeza kikombe, akachukua mkoba wake, akaenda shule bila kuaga.

Mume alielewa taratibu. "Umekirudia," alisema. Si kwa ukali. Ingekuwa nafuu angefoka. "Mimi nilikuachia vyombo, sikudhurika. Huyu utamwambia akuachie nini?"

Siku hiyo cherehani haikulia. Mama Fumua alikaa mbele yake, mikono imelala mapajani, akilia.

Kasuku aliporudi, alimkuta na shati jingine na kifungo kipya. "Kile cha jana nilikifumua mimi," mama alisema. "Hakikuwa na kosa. Kosa ni langu. Naona kitu kimepinda, nashikwa na hofu, sijui hata naogopa nini. Nishonee kingine, nitakaa mbali."

"Shona wewe," Kasuku alijibu. "Wewe ndiye unajua."

Akapita zake ndani. Mama hakumfuata. Alielewa kuwa neno lake limepoteza thamani kwa mtoto huyu, na halitairudisha kwa siku moja.

Ikawa kazi ngumu kuliko gauni lolote. Mume alirudi kuosha vyombo, vikabaki na utelezi wa mafuta. Mama Fumua alivitazama, akatoka nje akasimama uani mpaka pumzi zikamtulia. Siku nyingine alishindwa, akaviosha tena, na akakiri mbele yao wote wawili. Kasuku alitazama tu, haamini.

Hata jioni moja, mama akiwa anaunga mkono wa blauzi, mtoto aliingia na kitabu, akaketi mbali kidogo, akaanza kusoma kwa sauti nyembamba. Alisoma sentensi ya kwanza. Katika ya pili akaliruka neno. Akajua ameliruka, akanyamaza, mabega yakapanda juu.

Mama Fumua aliliona neno lile likining'inia hewani, likimwasha ulimini. Aliuma meno.

"Halafu ikawaje?" aliuliza, macho yakiwa kwenye blauzi.

Kasuku alimtazama usoni. Kisha akafunua ukurasa, akaendelea kusoma.