Wapangaji wa Sikio la Fauzia

Mwanamisi alipasua kidonge cha rangi mbili kwa kucha, akamimina unga wake ndani ya sikio la mjukuu wake Fauzia, kidogo kidogo, kama anayetia chumvi kwenye mboga. Ulikuwa mwaka wa tisini na nne, alasiri imepita, na sikio hilo la kulia lilikuwa likitoa usaha tangu mtoto aanze kutambaa. Likikauka, Mwanamisi aliacha dawa akaweka iliyobaki. Likianza kunuka, alirudia. Pale Matungu kidonge kilichobaki kiliombwa kama kaa la moto. Mwenye kikohozi alipewa, mwenye kidonda alipewa, na wakati wa kideri hata jogoo alipewa, akafa ameshiba dawa.

Siku hiyo sikio lilipiga chafya, kisha likasema, "Asalaam aleikum, Kukhu."

Mwanamisi, Kukhu kwa maana ya bibi, akaitikia. Bibi wa watu hawezi kuachilia salamu ianguke chini, itoke tundu lolote.

Wale wa ndani walimshukuru kwa chakula. Walieleza kwamba unga wa kwanza uliwaua wazee wao wengi, lakini kwa vile uliletwa haba na kukatizwa mapema, waliosalia waliuzoea, na sasa watoto wao wanauramba kama sukari. Fauzia, aliyekuwa akichambua mboga, hakusikia lolote. Ndipo Mwanamisi alipokumbuka makofi aliyompiga kwa kuitwa upande huo asiitike. Akakosa pa kuweka macho.

Kesho yake walikwenda zahanati. Benchi lilijaa wanawake wanaomjua. Daktari Kibiwott, mtu wa Lugari, alimulika sikio kwa kurunzi akauliza waliomo ni akina nani. Wakajitaja kwa koo zao za vijidudu, kwa adabu: Sudomonasi, wa usaha wa kijani, na Protiasi, wa ile harufu. Akauliza dawa ipi inawaweza. Wakasema ya rangi mbili hapana, ya manjano hapana, matone mapya labda.

"Nani aliwazoeza?"

"Kukhu," wakajibu kwa pamoja. "Anatupendanga sana."

Benchi likacheka ndani ya leso. Mwanamisi akainama kufunga kamba za viatu, naye amevaa patipati zisizo na kamba.

Kibiwott hakumgombeza, na hilo lilimuuma zaidi. Alimpa chupa ya matone, akamwonyesha kukausha sikio kwa kitambaa safi kwanza.

"Mpaka chupa iishe, mama, hata likikauka. Ukikatiza, sina nyingine. Sikio hili litakufa."

Likakauka. Sauti za ndani zikapungua hadi ikabaki moja, yenye kukohoa. Fauzia akaanza kugeuka akiitwa.

Chupa ikiwa nusu, jirani Swafia akaja, mtoto mgongoni, sikio linachuruzika.

"Mama Tariq," akamwita Mwanamisi kwa jina la mwanawe, "nigawie hayo matone. Wako si amepona?"

Mwanamisi alitaka kusema hapana. Akaona tayari jinsi itakavyosimuliwa kisimani, kwamba amemnyima mtoto mchanga, juu ya yale ya benchi. Fauzia alikuwa ameketi mkekani. Bibi yake akazunguka taratibu hadi upande wa sikio lile, ili asisikie, akampa Swafia chupa, akanong'ona, "Beba yote."

Fauzia hakugeuka. Yule aliyebaki ndani akasema ahsante, kwa sauti iliyotulia, kama mtu aliyerudishiwa shamba lake.